Mama hana dalili yoyote, mtoto anaugua tumboni: uzi wa maambukizi wakati wa ujauzito

MKUNGA WA USIKU:

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni mkunga, huu ni mwaka wa 19 nikiwa kazini. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi, maana kila nikitaka kuuandika narudi kwenye chumba ambacho moyo wangu haupendi kurudi. Safari hii naandika.

Miezi kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja, mimba ya miezi minane, ndiyo kwanza anaanza kliniki. Nilipomuuliza kwa nini amechelewa alinijibu kwa utulivu kabisa, "Sikuumwa popote, dada." Ilikuwa mimba yake ya tatu. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, ya pili alijifungua mtoto mfu. Nikamtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, nikadondoshea maji yake, tukakaa kusubiri dakika zile 15 huku akinisimulia majina matatu aliyomwandalia mtoto. Mstari wa kwanza ukajitokeza. Kisha wa pili, hafifu, kama uliochorwa kwa penseli butu. Akauinamia. "Huu wa pili ni wa nini?"

Kaswende.

Hakukumbuka kidonda, hakukumbuka kuwashwa wala kutokwa na uchafu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo wale wawili..." na sentensi hakuimalizia. Mimi nami sikuwa na la kumwambia kuhusu wale wawili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima wakati ule.

Ndiyo maana naandika. Mama kujisikia mzima hakuthibitishi kwamba mtoto yuko salama. Maambukizi mengi yanayotoa mimba, yanayoua mtoto tumboni au kumzalisha kipofu na kiziwi, kwa mama hupita kimya, au hupita kama mafua ya siku mbili.

Nianze na kaswende yenyewe, maana inaniuma kuliko zote. Kidonda chake cha mwanzo hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kabisa, kwenye shingo ya kizazi, asikione maisha yake yote. Kinapona chenyewe bila dawa, lakini bakteria wanabaki mwilini kwa miaka, na wana uwezo wa kupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto wapatao 700,000 duniani walipata kaswende kutoka kwa mama zao, na takriban 220,000 kati ya hao walifia tumboni au walikufa siku za mwanzo. Sasa sikilizeni linaloniuma: dawa yake ni penisilini ya benzathini, ya tangu enzi za mabibi zetu. Dozi moja ya uniti milioni 2.4 inatosha kama ugonjwa bado mchanga. Kama haijulikani umeanza lini, dozi tatu, moja kila wiki. Inachomwa kwenye makalio na inauma, sikufichi, utatoka unachechemea. Lakini penisilini hiyohiyo inapita kwenye kondo na kumtibu mtoto humohumo tumboni. Sharti lake ni muda: matibabu yaanze angalau siku 30 kabla ya kujifungua, la sivyo mtoto naye atahesabiwa kuwa hajatibiwa vya kutosha. Kwa hiyo anayekuja mwezi wa tatu na anayekuja mwezi wa nane hawapati kitu kimoja, hata wakichomwa sindano ileile.

Kwenye kidole kilekile kilichotobolewa, ombeni vipimo vingine viwili: VVU na homa ya ini B.

VVU wengi mnaijua. Bila hatua yoyote, uwezekano wa mtoto kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa vizuri unashuka chini ya asilimia 5, na virusi vikifubazwa mapema, mimba ikiwa bado changa, unakaribia sifuri. Nimewapokea watoto wengi wa akina mama wenye VVU ambao leo wanakimbia shuleni hawana chochote.

Homa ya ini B ndiyo watu wanaipuuza. Mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili unaishinda. Mtoto mchanga akiipata wakati wa kuzaliwa, watoto 9 kati ya 10 wanabaki nayo maisha yote, na ndiyo hao baadaye unawakuta na ini lililosinyaa au saratani ya ini katikati ya umri wa kazi. Kinga ni chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Saa 24, si wiki sita. Mama mwenye virusi vingi anaongezewa vidonge vya tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, tangu ujauzito ukiwa katikati. Ulizeni kabla ya kwenda kujifungua: chanjo ya siku ya kwanza ipo? Nani ataichoma?

Nitaendelea na malaria na rubela kesho nikitoka zamu. Wenye maswali andikeni.

BABA MTARAJIWA:

Asante sana mkunga. Swali langu: mke wangu amepima vyote, yuko salama. Mimi nina haja gani ya kupima tena? Si majibu yetu ni mamoja?

MKUNGA WA USIKU:

Hapana kaka yangu, si mamoja. Kipimo chake kinaonyesha damu yake ilivyokuwa siku ile. Wewe unaweza kuwa nayo na bado hujamwambukiza. Na akiambukizwa katikati ya mimba, hapo hali ni mbaya zaidi kuliko angekuwa nayo zamani, kwa sababu maambukizi mapya huja na virusi vingi mno kwenye damu, na kwa kaswende hatua za mwanzo ndizo zinazompenya mtoto kwa urahisi. Naye anajua amepima, karatasi inasema salama, hakuna anayemshuku tena. Ndiyo maana vipimo hivi hurudiwa miezi mitatu ya mwisho. Nenda kapime, umsindikize kabisa. Na yeyote ambaye mwenza wake amekutwa na kaswende, mtibiwe pamoja, muache kukutana mpaka wote mmalize dozi. Nimeona mama anatibiwa vizuri mwezi wa nne, anarudishiwa ugonjwa mwezi wa saba na mtu anayelala naye kitanda kimoja.

MAMA WA NJITI:

Naomba niseme la kwangu kabla mkunga hajaendelea. Mimba yangu ya pili nilienda kliniki mapema kabisa. Nikaambiwa vifaa vya kupima mkojo vimeisha, nirudi wakati mwingine. Niliporudi ikawa vilevile. Sikung'ang'ania kwa sababu sikuwa na maumivu wakati wa kukojoa, nikaona si jambo kubwa. Wiki ya 30 nilianza kutetemeka usiku, blanketi mbili hazinitoshi, na maumivu ya mgongo upande mmoja, juu ya kiuno, kama mtu ananichoma na kitu. Nilidhani malaria. Kesho yake uchungu ukaanza. Mtoto alizaliwa na kilo 1.4. Alikaa hospitali wiki saba, kifua wazi kwa kifua changu, mchana na usiku. Anaishi, namshukuru Mungu. Lakini zile wiki saba sitazisahau.

MKUNGA WA USIKU:

Pole sana mama. Asante kwa kuliandika, maana ulichopata wewe ndicho ninachokihangaikia.

Wajawazito kati ya 2 na 10 katika kila 100 wana bakteria kwenye mkojo bila kuhisi chochote. Mtu ambaye si mjamzito mara nyingi hata hatibiwi. Mjamzito lazima atibiwe, kwa sababu mimba inalegeza mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo na tumbo linaikandamiza, mkojo unatuama, bakteria wanapanda juu. Wakifika kwenye figo ndiyo kile ulichokieleza: baridi kali, homa, maumivu ya ubavu au mgongo upande mmoja, kutapika, na mara nyingine uchungu kabla ya wakati. Mkojo wa kupima uwe wa katikati: jisafishe kwanza, anza kukojoa nje, kisha kinga, usikinge ule wa mwanzo. Kipimo kizuri zaidi ni kuotesha, kwa sababu kinaonyesha bakteria gani yupo na dawa ipi inamuua. Na mkiambiwa vifaa vimeisha, ulizeni ni wapi pengine panapopima. Najua inachosha. Nendeni.

Sasa malaria, kwa walio kwenye maeneo yenye malaria au wanaosafiri kwenda huko. Vimelea vya falsiparamu, vile vinavyoleta malaria kali, vina tabia moja ya ajabu: ukishakuwa mjamzito, vinapata makazi mapya. Chembe nyekundu zilizobeba vimelea hung'ang'ania kuta za kondo la nyuma na kujificha hapo. Unaweza kutoboa kidole, damu ya kidoleni ikaonekana safi, kumbe kondo limejaa. Mama anatembea, anafanya kazi zake, labda amechoka tu na damu imepungua, na yote mawili anayahesabu kuwa ni ujauzito. Mtoto huku anakosa chakula na hewa kidogokidogo, anazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu mwili bado haujawahi kukutana na vimelea wa aina hiyo ya kondoni. Kinga aliyoijenga mama tangu utotoni haiwatambui.

Kwa hiyo ile SP, dawa ya kukinga malaria mnayopewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi au zaidi, angalau mara tatu, hampewi kwa sababu tunawashuku kuwa wagonjwa. Inafagia walioko kwenye kondo ambao hatuwaoni. Imezeni palepale. Mjamzito mwenye VVU anayetumia septrini hapewi SP, dawa hizo mbili hazichanganywi. Na vidonge vya foliki asidi vile vikubwa vya miligramu 5 vinapunguza nguvu ya SP, ile ya miligramu 0.4 haina shida. Chandarua chenye dawa, kila usiku.

DADA MWALIMU:

Mimi nafundisha watoto wadogo, wa miaka miwili mpaka minne. Nina wiki tisa. Makamasi, mate, nepi, ndiyo maisha yangu. Niogope nini?

MKUNGA WA USIKU:

Hongera mdogo wangu. Kuna viwili nataka uvijue kwa undani.

Cha kwanza rubela. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, alianza kuletewa vichanga wengi kupita kawaida wenye mtoto wa jicho, macho yote mawili meupe, na wengine moyo una kasoro. Akawauliza mama zao. Karibu wote walikuwa wameugua rubela mimba ikiwa changa, wakati wa mlipuko uliotangulia. Kabla ya hapo iliaminika kuwa rubela ni vipele tu vya siku tatu. Leo tunajua kwamba mama akiipata ndani ya wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Na haina tiba. Chanjo yake ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haitolewi ukiwa mjamzito. Inatolewa kabla, kisha unasubiri mwezi mmoja ndipo ushike mimba, au inatolewa ukishajifungua. Kama hukumbuki ulichanjwa, omba kipimo cha kinga ya rubela. Ikiwa huna kinga na rubela imeingia shuleni, zungumza na mwajiri wako ukae mbali. Usione haya.

Cha pili ni kirusi kinachoitwa saitomegalo. Watu hawakijui kabisa, na bado ndicho chanzo kikubwa cha uziwi wa kuzaliwa nao usiotokana na urithi. Marekani mtoto 1 kati ya 200 huzaliwa nacho, na 1 kati ya watano wa hao hupata madhara ya kudumu. Kinakaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo kwa miezi, watoto wenyewe wazima wanacheza. Hakuna chanjo. Kinga yako ni mikono yako na mdomo wako: nawa kwa sabuni kila ukibadilisha nepi na kila ukifuta kamasi, usimalizie chakula cha mtoto, usitumie kijiko chake, usiitie chuchu bandia yake mdomoni mwako kuisafisha. Na wa kwako mwenyewe nyumbani mbusu kwenye paji la uso, si mdomoni. Hili la busu wengi linawauma, nalielewa.

PAKA WAWILI:

Nimeambiwa niwatoe paka wangu wote nje kwa sababu nina mimba. Ni kweli?

MKUNGA WA USIKU:

Baki nao. Wanachokiogopa ni toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, na iko kwenye kinyesi cha paka, si kwenye manyoya. Na kinyesi kikitoka hakiambukizi hapohapo, huchukua siku moja mpaka tano. Kwa hiyo sanduku lisafishwe kila siku, na mtu mwingine. Kama ni lazima uwe wewe, vaa glavu kisha nawa. Wengi wanaipata kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na kulima bila glavu, wala si kwa paka wa ndani.

Kwa kuwa tumegusa chakula: bakteria aitwaye listeria anakua hata ndani ya friji, na mjamzito anamshika kirahisi mara kama kumi zaidi ya mtu mwingine. Maziwa yachemshwe, nyama iive, kiporo kipashwe moto mpaka kifuke mvuke. Mama mwenyewe ataona homa na mwili kuuma, basi, huku mtoto anaweza kupotea.

ASIYE NA HAKIKA:

Mimi chanjo wakati wa mimba siziamini. Mwili unajilinda wenyewe.

MKUNGA WA USIKU:

Sikulaumu kwa kuogopa, ni mwanao. Nikueleze tu zinavyofanya kazi. Chanjo za virusi hai, kama ya rubela na tetekuwanga, hatuwapi wajawazito. Tunazowapa hazina kirusi wala bakteria hai. Ya pepopunda inakulinda wewe na inamlinda kichanga dhidi ya pepopunda inayoingia kupitia kitovu. Ya kifaduro hutolewa kati ya wiki ya 27 na 36, siyo kwa ajili yako bali ili kinga utakayotengeneza ivuke kondo na imfikie mtoto, maana mwenyewe hawezi kuchanjwa kifaduro mpaka afikishe wiki kama sita, na wanaokufa nacho wengi ni wa umri huo. Ya mafua makali na ya Covid ni kwa sababu mapafu ya mjamzito yamebanwa na tumbo, na kinga yake inafanya kazi tofauti, kwa hiyo akiugua anazidiwa haraka. Kwa hiyo mwili unajilinda wenyewe, ndiyo, chanjo inaufundisha mapema tu.

BABA MTARAJIWA:

Mkunga, homa ikipanda usiku nimpe nini mke wangu? Tuna dawa zilizobaki za mara ya mwisho.

MKUNGA WA USIKU:

Zilizobaki ziacheni. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto. Ibuprofeni baada ya wiki 20 inaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Parasetamoli ndiyo ya kushusha homa, kwa kipimo cha kawaida, lakini inashusha homa tu, haitibu kilichoileta. Homa kwa mjamzito ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kuche kama kuna mojawapo ya haya: kutetemeka, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, mtoto kupunguza kucheza, damu, au maji kutoka hata kama hakuna uchungu. Chupa ikipasuka njia iko wazi, na kila saa inayopita bakteria wanapanda. Maji yakiwa na harufu mbaya, ni dharura.

Na baada ya kujifungua homa ni dharura vilevile, wiki zote sita. Familia nyingi zikishamuona mtoto zinamsahau mama.

MGENI HUMU:

Nina wiki 14. Nilikuwa nasubiri mwezi wa tano ndiyo nianze kliniki. Jana usiku nilisoma uzi wote, asubuhi nikaenda. Damu yote salama. Mkojo wamekuta bakteria. Sina maumivu hata kidogo! Nimepewa dawa za siku saba.

MKUNGA WA USIKU:

Zimeze mpaka ziishe, hata kama hakuna unachohisi. Wiki moja baada ya kumaliza rudi upimwe mkojo tena, usikubali kuambiwa haina haja. Na mweleze mwenzio naye akapime damu.

MAMA WA NJITI:

Mkunga, tangu juzi nafikiria yule mama wa miezi minane. Alijifungua?

MKUNGA WA USIKU:

Alijifungua. Sindano ya kwanza alichomwa siku ileile. Ya pili alikuja na mumewe, naye akachomwa, wakatoka wote wawili wanachechemea. Ya tatu pia aliipata. Lakini uchungu ulianza siku ya 26 tangu ile ya kwanza, siku nne kabla ya zile 30. Kwa hiyo ingawa mtoto alilia vizuri na ngozi yake haikuwa na kipele, alilazwa akapewa penisilini siku 10 mfululizo. Mama alikuwa akinisaidia kumshikilia mguu huku anageuza uso ukutani.

Juzi aliletwa kwa kipimo cha marudio. Ana miezi mitatu, namba kwenye damu zimeshuka sana, tutampima tena baada ya miezi mingine mitatu. Jina alilopewa ni la tatu katika yale aliyonitajia tukisubiri kipimo. Aliniambia yale mawili ya mwanzo amewapa wale waliotangulia.